Kwa Nini Aliyeshtuka Hutulia, Kisha Akaona Njaa

Mmeona mlivyoruka pale kifuniko cha sufuria kilipoanguka? Kila mtu alishika kifua chake, na sasa hivi mnachekana. Chekeni tu. Kicheko hicho watu wa kwanza hawakuwa nacho, na nitawaambia kilivyopatikana.

Zamani hizo, misitu ya milima hii ya Upare ilipokuwa bado inashuka hadi mabondeni, mtu akishtuka alishtuka moja kwa moja. Moyo ukianza mbio haukujua kurudi. Aliyekoswa na nyoka wakati wa kupanda aliendelea kumkimbia mpaka wakati wa kuvuna, na nyoka mwenyewe alikwisha sahau zamani. Hakula, maana anayekimbia hali. Hakulala, maana anayewindwa halali. Mwisho alikauka kama jani la mgomba, akafa. Waoga walikufa hivyo, na mashujaa nao walikufa vivyo hivyo.

Sababu yake watu waliijua. Ndani ya kichwa cha kila mmoja Muumba alimweka Mlinzi, mdogo kama punje ya harage, na juu ya kila figo aliweka kidimbwi kilichoikalia kama kofia. Vidimbwi hivyo vilijaa maji ya mbio. Mlinzi akihisi hatari alipeleka neno, vidimbwi vikafunguka, maji yakatiririka hadi moyoni na mapajani, na mtu akapata nguvu ambazo hakujua anazo. Kufungua, Mlinzi alifundishwa vizuri. Somo la kufunga Muumba aliliahirisha hadi kesho yake, na kesho yake akashikwa na kazi ya kumuumba tembo.

Basi palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakijwa, binti wa Mzee Mchome, mtunza ndiva. Ndiva ni lile bwawa la juu mlimani linalokusanya maji ya kijito, ili asubuhi yafunguliwe yashuke kwa mfereji hadi mashambani. Nakijwa alikuwa ameolewa karibuni na Kajiru, na alimpenda mno, hata mawifi wakamtania kwamba humsindikiza mumewe mpaka zizini. Kajiru alikuwa mcheshi. Mgeni aliyekuwa hajui nyumba yao aliambiwa afuate sauti za watu wanaocheka.

Siku moja Kajiru akakutana na chui kwenye njia ya migombani. Chui alimtazama, akapiga mwayo, akaenda zake. Kajiru naye akaenda zake, ila yeye hakusimama. Alifika nyumbani mbio, akaizunguka nyumba, akaingia, akatoka, akaizunguka tena. Nakijwa alimpikia makande, mahindi na maharage yaliyoiva yakalainika kama apendavyo, asiyaguse. Alimkumbatia, akasikia moyo wa mumewe ukitwanga kama kinu chenye michi mitatu. Siku zikapita, mashavu yakabonyea. Ndugu walikuja kumtazama, wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, na shangazi mmoja akawa anaangaza macho uani akitafuta mahali penye udongo laini wa kuchimba. Nakijwa alimwona. Alikasirika, kisha akalia, kisha akajifunga kanga kiunoni akapanda mlimani kumwomba baba yake shauri.

Alimkuta mzee amesimama kando ya mlango wa ndiva, gogo la kuzibia mkononi, shingo ameielekeza bondeni.

"Baba, Kajiru ananifia," alisema.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Mama Nanzia hajaita."

Desturi yao ilikuwa hii: mwenye shamba la mwisho kabisa, siku hiyo Mama Nanzia, ndiye mwenye neno la kufunga. Maji yakimfikia hupiga ukelele, jirani wa juu yake akaupokea, na wa juu yake tena, mpaka ukafika ndivani. Nakijwa aliujua ukelele huo tangu utotoni, lakini siku hiyo aliusikia kwa masikio mengine. Ulipanda kutoka shamba hadi shamba, baba yake akazamisha gogo, na maji yakatulia.

"Na Mama Nanzia asipoita?" aliuliza.

"Nitajuaje basi? Mimi niko huku juu. Nitayaacha yaende mpaka maharage yao yaelee."

Hapo Nakijwa akateremka mlima mbio, shauri lenyewe hata hakuliomba, na mzee akabaki akijiuliza kama ndoa imemharibu mtoto.

Alimkamata Kajiru kwenye kona ya nyumba, akamketisha, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Mlinzi, shikamoo."

"Marahaba," kisauti kikajibu kutoka ndani. "Sema upesi. Huku kuna chui."

"Chui alikwenda zake zamani."

"Nani kaniambia? Mimi sina dirisha. Kazi yangu ni kufungua, na ninafungua."

"Nikikuomba ufunge?"

"Nifunge, halafu chui amle? Utanilaumu wewe huyo huyo."

Hilo lilikuwa kweli, na Nakijwa hakubishana nalo. Alimweleza habari za ndiva, za mfereji, za Mama Nanzia na ukelele wake. "Maji yako mwenyewe uyatume," akasema. "Yakishafika miguuni na mtu akapata mbio zake, yageuke, yapande, yakugongee mlango. Yakikugongea, funga. Yasipogonga, endelea."

"Hilo Muumba hakuniambia," Mlinzi akasema.

"Nakuambia mimi, mke wa kichwa hiki."

Pale pale yale maji yaliyokuwa yamejaa mapajani mwa Kajiru yakageuka. Nakijwa aliyafuata kwa kiganja: magoti yakaacha kutetemeka, kisha tumbo likalegea, kisha kinu cha kifuani kikabaki na mchi mmoja. Kajiru akashusha pumzi ndefu, pumzi ya kwanza ya namna hiyo kutoka kwa binadamu. Akawatazama ndugu zake waliojipanga uani kwa huzuni, akamwona shangazi na jembe lake.

"Shangazi," akasema, "unataka kupanda nini hapo?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Nakijwa alicheka huku analia, kwa furaha isiyo na mahali pa kuiweka. Kajiru aliomba makande, akala sufuria nzima, akauliza kama kwa jirani yamebaki.

Walinzi wa vichwa vingine wakasikia habari hizo, nao wakaiga. Ila dirisha hawajapewa hadi leo. Ndiyo maana ukikaa kutwa unajisimulia chui aliyekwisha ondoka, au maneno ya mkweo ya juzi, Mlinzi wako huamini chui yupo mlangoni na kufungua upya, mpaka maji yachoke kugonga.

Na tangu siku hiyo, binadamu hushtuka na kutulia. Ukimwona mwenzio kashtuka, mshike mkono, mwache atetemeke. Akishusha pumzi ndefu, acha kumwuliza chui alikuwa mkubwa kiasi gani. Mpakulie.