Mlango wa Udongo wa Mama Hondo

Kuna jambo moja nimelitafuta tangu ujana wangu na sijalipata: nani aliuleta mti wa mhesi katika milima yetu ya Usambara. Nimewauliza wazee wengi, na kila mmoja alinijibu kwa uhakika, ila majibu hayakufanana. Huyu alisema uliletwa na wageni waliotaka mbao za haraka. Yule alisema ulipandwa na babu yake mwenyewe kando ya zizi. Bibi yangu mzaa mama, Mamkunda, ambaye alinipa kisa hiki tukichambua iliki jikoni kwake, alikuwa akisema, "Mti ukiwa na faida, kila mtu ana babu aliyeupanda. Ukiharibu, hauna mwenyewe." Kwa hiyo hapo sitawasaidia. Nitawaeleza lile ninalolijua, yaani kwa nini hondohondo jike, ndege yule wa mdomo mrefu, hujifungia ndani ya shina la mti anapotaga.

Haikuwa hivyo zamani. Hondohondo walijenga viota vya wazi matawini, kama hua. Msitu nao ulikuwa mwingine. Ndani yake kulikuwa na kivuli kizito hata wakati wa jua la utosi, na baridi yenye harufu ya majani yaliyolowa, na ukienda kuteka maji ulikisikia kijito muda mrefu kabla ya kukiona. Mkubwa wa msitu alikuwa Mzee Msambu, mti ule ambao bibi zetu walikamua mbegu zake wakapata mafuta ya kupikia. Ladha ya mboga iliyoungwa kwa mafuta hayo sijaipata mahali pengine. Siku hizi sijui kama niliyapenda mafuta au nililipenda jiko.

Lakini msitu ule mzuri ulikuwa na miezi yake ya njaa, pale matunda yanapokwisha kabla mengine hayajaiva. Katika miezi hiyo Hondohondo na mkewe, ambaye wote walimwita Mama Hondo, walipoteza makinda wao wawili. Hawakuwa na cha kuwapa.

Mwaka uliofuata, njaa ilipoanza tena, Hondohondo aliruka mbali hadi kwenye mteremko uliokuwa umeporomoka, mahali palipobaki udongo mwekundu mtupu. Huko alikuta mti asioujua, mrefu, mwembamba, umejaa matunda yaliyoiva hadi kuwa meusi. Akala, akambebea mkewe. Makinda wa mwaka ule waliishi. Nami kila nikifika hapa hujiuliza ni baba gani angefanya vingine.

Tatizo ni kwamba Hondohondo alikula akiruka. Alimeza huku, akatema mbegu kule, na kila alipotema, mhesi uliota. Ulikua haraka kama uvumi. Majani yake hayakuweza kuzuia jua, basi jua likafika chini, mahali ambapo halikuwahi kufika. Udongo ukakauka. Kijito kikaanza kunyamaza wakati wa kiangazi, na watoto wa Msambu, ambao hukua kwa kivuli, wakanyauka wakiwa bado na majani manne.

Ndipo likaitwa baraza. Mbega, mwenye joho lake jeupe mabegani, alisema wa kwanza.

"Mgeni huyu tulimpa jembe siku ya tatu. Sasa analima hadi vitandani mwetu. Mti huu ung'olewe wote, na aliyeubeba ashuke nyikani na familia yake."

"Taratibu, shemeji," alisema Perere, mnyama mdogo asiye na mkia, kutoka tawini. "Hata ukoo wako haukuchipua hapa."

"Msikieni," alijibu Mbega. "Aliyekosa mkia kwa sababu ya kuwaagiza wengine wamchukulie, leo anatuagiza huruma."

Baraza likacheka, na Perere mwenyewe akacheka. Lakini Funo, swala mdogo mwekundu asiyependa kusema mbele za watu, akasema kuwa yeye hupita kila siku kwenye ule mteremko, na kwamba udongo umeacha kuporomoka tangu mhesi ulipotia mizizi. "Mkiung'oa wote," alisema, "masika yatatuletea mlima mlangoni."

Mzee Msambu akamgeukia Hondohondo. "Baba, tukikuomba uache kutema ovyo, utaacha?"

"Nitaacha, mzee," alijibu Hondohondo, na alipofumbua mdomo kusema hivyo, mbegu ya mhesi ilidondoka katikati ya baraza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Ilikuwa wazi kwamba familia ile itafukuzwa, na Mama Hondo alikuwa na mayai tumboni yaliyokaribia siku zake. Akasogea mbele.

"Mume wangu si mwovu," alisema. "Ana mdomo mrefu na kumbukumbu fupi. Mkitufukuza, nitataga njiani na hamtakuwa na wa kumlaumu. Mkimwacha alivyo, atatema msitu mzima. Mzee, ubavuni mwako kuna shimo. Niingie humo, mlango uzibwe kwa udongo, ubaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo. Kila atakachochuma itabidi anifikishie. Nami nikitema, mbegu zitaanguka miguuni pako, mahali pamoja, na Funo atakula miche ikichipua."

"Utatoka lini?" aliuliza Mbega, sasa kwa sauti ya chini.

"Watoto wakiota manyoya."

"Mama," alisema Mzee Msambu, "unajitwisha kosa lisilo lako."

"Sijitwishi kosa, mzee. Mwenye watoto tumboni mwa mti hatauombea mti ule mabaya. Nataka mume wangu alikumbuke hilo kila akija na chakula."

Basi ikaamuliwa. Mhesi wa kwenye mteremko usiguswe, kwa kuwa unashika udongo na unalisha wakati wa njaa. Ndani ya msitu mche wake usiachwe ukue, na kazi hiyo akapewa Funo. Familia ya Hondohondo ibaki. Na Mama Hondo afungiwe.

Lakini mfungaji hakupatikana. Mbega alionyesha mikono yake isiyo na vidole gumba, akasema haishiki udongo. Hondohondo alileta tope la kijitoni mdomoni, akasimama mbele ya shimo, akashindwa kulibandika. Mama Hondo, aliyekwisha kuingia, akatoa mdomo wake nje, akalipokea.

Na tangu siku hiyo hondohondo jike hutagia ndani ya mti mzee, na dume humpitishia matunda ufani hadi watoto wakue. Sisemi mhesi ulikwisha; zipo mbegu zinazodondoka njiani, na wapo kati yenu wanaotaka ung'olewe wote na wanaotaka uachwe. Wote nawaelewa. Ila mkiingia msituni mkauona mlango ule mkavu ubavuni mwa mti, msimlaumu mume kwamba alimfungia mkewe, kama wapita njia wengi wanavyofanya. Yeye huleta udongo tu. Anayeukandika, kutoka ndani, ni mama.