Gitaa la Nyembo na Matanga ya Mama

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa lakini ni wako. Msala wa mpita njia hupendeza, ila mwenyewe akiinuka huondoka nao. Nyembo wa mji wa Kamina aliifahamu methali hii tangu shuleni, na bado aliipuuza kwa kiburi.

Kwa miaka mingi Nyembo alitunga nyimbo kwa gitaa lisilo na umeme, huku dada yake mkubwa, Salomé, akigonga chupa tupu kwa msumari. Sifa yao ilivuma hadi Luena na Mulongo. Wimbo wao uliopendwa zaidi ulikuwa wimbo wa majina, ulioimbwa kwenye matanga. Nyembo aliwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na kila jina lilipotajwa, aliye hai aliyerithi jina hilo aliitikia, "Eyo, vidye!" yaani, "Naam, bwana!" Katika familia yao iliaminika kwamba jina lisiloitikiwa ni kama limezikwa mara ya pili.

Ndipo akaja Jessé, tajiri mwenye spika, kinanda cha umeme na jenereta. Alimwazima vyote kwa sharti moja: kila mdundo wa ngoma ya kinanda unapokatika kidogo katikati ya wimbo, Nyembo alitaje kwa sauti jina la Jessé. Kichwa kikamvimba Nyembo. Gitaa akalitupa nyumbani kwa dada yake, na chupa akaiita takataka. Takataka! Chupa ile ile iliyomlisha.

Mama yao akafariki. Siku ya kuondoa matanga, Salomé alimsihi ndugu yake.

"Nyembo, leo shika gitare. Mama aliipenda."

"Yaya, dada yangu, bantu batanicheka. Minyi niko vedette sasa, nyota ya muziki."

Spika zikapangwa uani. Binti yake Nyembo, Ngoie, aliyepewa jina la bibi yake, marehemu huyo, alisimama mbele ya waombolezaji akingoja zamu yake ya kuitikia. Majina ya kwanza yalimezwa na kishindo. Wazee walioyarithi walitega masikio wasiambulie kitu. Kisha ngoma ikakatika. Hapo ndipo jina la mama lilipopaswa kutajwa. Mdomo wa Nyembo, uliokwisha kuzoea utumwa, ukafunguka wenyewe:

"Patron Jessé, baba ya Kamina!"

Jessé, aliyeketi kiti cha mbele, akapunga mkono kwa furaha. Ngoie alijifunika uso, akakimbilia jikoni. Salomé alipandwa na hasira, akaushika waya wa spika kwa mikono miwili na kuung'oa.

"Mama iko mu udongo, na weye unaita Jessé? Jessé njo alikuzala? Sema!"

Jessé naye hakuona haya hata chembe.

"Hii mashini iko yangu," alifoka. "Niko na mariage, arusi ya bantu, ku Luena, siwezi kupoteza siku na bantu ba makelele."

"Patron, ngoja kidogo. Sijaita mama yangu."

"Umuite na mudomo yako!"

Spika, kinanda na jenereta vikapakiwa, gari likaondoka. Nyembo alibaki ameketi uani mikono mitupu, mbele ya watu wa ukoo wake waliomtazama kwa chuki.

"Yaya," alisema kwa sauti ya chini, "gitare iko wapi?"

Salomé aliingia ndani, akalileta, akamtupia mapajani.

"Shika. Usifikiri nimekusamehe."

Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Nyembo akapiga zilizobaki. Salomé aliketi mbali naye, uso ameugeuzia ukutani, akaigonga chupa kwa ghadhabu. Jina la kwanza lilisikika mpaka barabarani.

"Eyo, vidye!" akaitikia mzee mmoja, na mwingine baada yake, na mwingine. Kisha zamu ya mama ikafika.

"Ngoie!"

Nyembo akazikaza nyuzi, akapaza sauti zaidi.

"Ngoie!"

Watu wote wakageukia jikoni. Nyembo aliweka gitaa chini, machozi yakimtiririka, akaita tena huku chupa pekee ikilia.

"Ngoie! Mama!"

"Eyo, vidye," binti akajibu akiwa jikoni, kwa sauti kali. "Lakini papa, usimuite tena na mashini ya bantu bengine!"

Nyembo akalia kama mtoto mbele ya ukoo mzima. Na alie! Walie pamoja naye wote wenye kiburi kama chake, kwani wahenga hawakukosea hata kidogo: usiache mbachao kwa msala upitao.