Kura ya Bwana Hapana

Ufa hauna haraka. Utaupita asubuhi na jioni, utaufunika kwa picha ya harusi, na ukuta hautakulaumu. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walimlenga kila anayeiona kasoro ikiwa ndogo akaiachia kesho. Sisi watu wa Dakota Kaskazini, huku Marekani, tulimchagua mtu wa namna hiyo mara nne, tena kwa makofi.

Arvid Skogstad alikuwa mmoja wa makamishna watatu tunaowapigia kura ili watupangie bei ya umeme. Kampuni ilipokuja kuomba nyongeza, Arvid alisema hapana. Ikarudi, akasema hapana. Tukambandika jina la Bwana Hapana. Kwenye maonyesho ya kilimo mtu alikuwa akimpigia kelele, "Arvid, utawaambiaje?" naye anajibu, "Hapana!" na watu wanavunjika mbavu. Wakubwa wa kampuni nao hawakuwa malaika, walikuwa na tamaa ya fisi. Lakini hapana ya kila siku huacha kuwa jibu, ikawa ugonjwa.

Alipogombea mara ya nne alikuwa amechoka. Magoti yalimuuma, na tumbo lilikuwa limekinai pai alizolishwa kwenye kampeni katika kila kanisa. Mwaka huohuo kampuni ilileta ombi lenye mambo mawili: kujenga ofisi za kifahari mjini, na kubadilisha nguzo kuukuu za mashambani. Kamishna mwenzake, Renae Vetter, alimvuta pembeni.

"Arvid, tuyatenganishe. Ofisi tuwanyime, nguzo tuwape. Nyongeza yenyewe kiduchu."

"Renae, watu wanapiga kura mwezi ujao! Bwana Hapana aseme ndiyo sasa hivi? Watanimeza mzima mzima."

"Nguzo zimeoza kule chini. Umeziona mwenyewe."

Ni kweli, alikuwa ameziona. Zilipita mbele ya shamba la mdogo wake, Leif, aliyebaki na ng'ombe wa maziwa wa marehemu baba yao. Ng'ombe wale ndio waliokuwa maisha yake yote. Nguzo moja ilikuwa imelala upande, na Leif alizoea kuitania: "Kaka, ile ina kiu, inainamia mtaro." Walicheka wakaendelea na kahawa yao.

"Tutaziangalia mwakani," Arvid alimwambia Renae. Akapiga kura ya hapana kwa yote mawili, kamishna wa tatu akamfuata, ombi likaanguka, na mwezi uliofuata Arvid akashinda kwa kishindo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, ikanyesha mvua inayoganda ikigusa kitu. Barafu ikazinenepesha nyaya, upepo ukavuma, na nguzo zikaanguka moja baada ya nyingine, kila moja ikiivuta jirani yake. Giza likakaa zaidi ya wiki. Jenereta ya Leif ilizimika siku ya pili, na mashine za kukamulia zikazimika nayo. Majirani nao walikuwa na misiba yao. Leif na mkewe, Marlys, walikamua kwa mikono mpaka vidole vikakataa kukunjika. Ng'ombe walilia usiku kucha, viwele vikavimba, vikaoza. Umeme uliporudi, lori la machinjioni lilikuwa limeshawachukua wote. Ee Mungu, kilio kile bado tunakisikia.

Kiangazi, kampuni ikaja tena. Safari hii njia nzima ilitakiwa kujengwa upya, kwa bei iliyotufanya tushike vichwa. Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, Arvid akiwa mwenyekiti. Leif akasogea kwenye kipaza sauti.

"Taja jina lako na unapoishi," Arvid alisema.

"Unanijua."

"Ni utaratibu, Leif. Kila mtu anataja."

"Haya. Leif Skogstad. Naishi kwenye nyumba uliyozaliwa wewe. Nilikuwa na ng'ombe."

Leif aliutazama ukumbi, kisha akamgeukia tena Arvid.

"Kaka, makofi yangu ndiyo yaliyokuwa makubwa kuliko ya wote hapa, kwa hiyo sikulaumu peke yako. Lakini ile nguzo uliiona. Ulikuwa unainywa kahawa yangu huku unaitazama dirishani."

"Niliiona," Arvid alijibu.

"Basi. Sina la zaidi."

Kura ikaitishwa. Ilipomfikia Arvid, watu wa nyuma walipaza sauti kwa mazoea, "Hapana, Arvid! Hapana!" Aliwatazama kama mtu aliyesahau kilichomleta.

"Ndiyo," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulitoka tukatafuta magari yetu. Jioni, saa ya kukamua ilipofika, Leif alikwenda zizini bila kufikiri, akasimama mlangoni akalitazama zizi tupu, kisha akarudi ndani kwa Marlys. Arvid alikuwa bado na zaidi ya miaka mitano ya kukikalia kiti alichokishinda kwa neno moja. Nguzo mpya sasa zimesimama barabara nzima, zimenyooka, na watoto wetu ndio watakaomaliza kuzilipia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.