Mbwa Aliyeuma Visigino

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja mjane, huko Mufindi kwenye baridi na mashamba ya chai. Alipofiwa na mumewe aliingiwa na woga wa kukaa peke yake, akapiga magoti akamwomba Mungu mbwa. Si mbwa wa mchezo. Mbwa mkali, wa kumfanya mtu aogope hata kugusa geti.

Haukupita muda, meneja mmoja wa chai akawa anarudi kwao Ulaya, akamwachia mbwa wake wa aina inayoitwa kogi. Mmewahi kumwona kogi? Mwili mrefu, masikio makubwa yamesimama, halafu miguu... jamani, miguu hakuna! Tumbo linafagia majani. Yule mama akadhani bado ni mtoto. Akawa anamlisha ugali na dagaa, anangoja arefuke. Akangoja weee. Mbwa akanenepa, kurefuka, wapi!

Na vituko vyake sasa! Manyoya yamejaa kwenye kochi, kwenye khanga, mpaka ndani ya kikombe cha chai. Akipita mtu asiyejulikana, mbwa anamfurahia. Lakini wageni wakija kumjulia hali yule mjane, anawafuata nyuma, anawabana visigino kwa meno. Mama wa watu akaenda kwa bwana mifugo, karibu kulia.

"Baba, nitafutie mtu wa kumchukua huyu mbwa. Wezi anawachekea, wageni anawauma. Mwisho nitabaki peke yangu!"

Bwana mifugo akacheka. "Mama, huyo hawaumi wageni, anawachunga. Kwao ni mbwa wa ng'ombe. Ng'ombe akijitenga, anabanwa kisigino mpaka arudi kwa wenzake."

Mama hakuridhika. Akasema jumuiya yetu ya sala ikishasali kwangu, mbwa huyu anaondoka.

Sasa sikilizeni. Katika jumuiya hiyo alikuwemo wifi yake, dada wa marehemu. Tangu matanga walikuwa hawasalimiani, kwa maneno yaliyosemwa kuhusu nani alimuuguza marehemu na nani hakumuuguza. Wanasali nyumba moja, wanaimba wimbo mmoja, lakini huyu anakaa mlangoni, yule anakaa kule ndani kabisa. Kila mtu anajua, kila mtu anajifanya haoni. Na yule mjane alikuwa anaumia, maana alimpenda wifi yake. Ila nani aanze?

Siku ya kusali kwake ikafika. Watu wamefumba macho, sala imekolea, na mbwa amesahauliwa kufungwa. Akawatazama wote. Akaenda moja kwa moja mlangoni. Chap! Kisigino cha wifi. Wifi akaruka, akasogea ndani. Chap tena! Macho yakafumbuliwa, sala ikakwama. Mbwa hakumwacha mpaka akamfikisha ubavuni pa yule mjane, kisha akajilaza juu ya miguu yao wote wawili.

"Mshike mbwa wako!" wifi akafoka. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu matanga.

"Nimemshika, wifi yangu. Pole. Amekuumiza?"

Wifi akatazama mguu wake. Akatazama uso wa yule mjane. "Hajaniumiza," akasema polepole, akakaa. "Nilikuwa nimechoka kukaa kule mlangoni."

Wakashikana, wakalia. Na mbwa hakuondoka nyumba ile.

Je, sisi tukoje? Tunapiga magoti tunaomba mlinzi: Bwana, niwekee mkali getini, watu wakae mbali nami. Mungu anatuletea wa kutukusanya. Akitubana kisigino, tunapiga kelele kwamba tumeonewa. Ulipolazwa hospitali, na aliyekuletea uji akawa yule yule usiyemsalimia, ulidhani ni bahati mbaya? Hukusikia meno?

Nawaona kutoka hapa mbele. Wapo waliokaa upande huu kwa sababu fulani kakaa upande ule. Nami leo sikuja na mbwa. Basi, kabla hatujaimba, inukeni wenyewe mwende mkakae nao. Tutawangoja.