Mbwa Aliyefaulu Somo la Choo

Isome mpaka mwisho kabla hujaituma kwenye kundi la familia. Wale wanaosoma nusu na kuanza kushauri wenzao ndio hasa inaowahusu.

Palikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeitwa Eliamini. Aliishi Same, peke yake na mbwa wake Pasaka, aliyepewa jina hilo kwa kuwa aliokotwa siku ya sikukuu. Mwaka mmoja mzee aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na kama si Pasaka kubweka mpaka majirani wakavunja mlango, hadithi ingeishia hapo.

Alipopona, binti yake Nasikiwa alimfuata akamhamishia kwake Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Mzee alikubali kwa sharti moja tu.

"Naja na Pasaka. Akitoka yeye, natoka na mimi."

Nasikiwa akaitikia haraka haraka asije mzee akabadili mawazo. Hakufikiria kwamba mbwa wa miaka kumi na mmoja ana kibofu cha miaka kumi na mmoja.

Toka mlangoni kwao hadi chini kulikuwa na ngazi hamsini na nne. Mwalimu alizihesabu siku ya kwanza, maana mazoea hayastaafu. Pasaka alikuwa na uwezo wa ngazi thelathini na sita. Ya thelathini na sita, kwa bahati mbaya, iliishia mlangoni pa Injinia Lugome.

Injinia Lugome alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Hakuna aliyejua alichowahi kujenga, lakini ukimwita Bwana Lugome hakugeuka. Pasaka alipojisaidia mlangoni pake mara ya tatu, ilikuja barua. Ilikuwa na muhuri. Nyumba ya kaya kumi na mbili, ina muhuri.

Barua ilisema mnyama huyo awe amejifunza kujisaidia ndani ya makazi ya mwenyewe kabla ya kikao cha Jumamosi ya wiki inayofuata. Akishindwa, aondolewe.

Nasikiwa aliisoma amevaa kiatu kimoja, anawahi kazini. "Baba, si uweke tu magazeti pale kibarazani?"

"Pasaka hajui kusoma."

"Si ya kusoma, baba."

"Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini na minne. Hatufundishi kwa kubahatisha."

Nasikiwa akamwangalia. Alijua kwamba mbwa akiondoka, baba yake ataondoka kweli, atarudi kwenye bafu lile lile, na safari hii hakutakuwa na wa kubweka. Akavaa kiatu cha pili akatoka.

Mwalimu akaanza kazi. Alichukua beseni pana la kufulia la Nasikiwa, bila kuuliza, akakata ukingo wa mbele kwa msumeno ili mzee mwenzake asihangaike kuupanda. Ndani akajaza maranda aliyoyaomba kwa seremala wa mtaa wa pili. Juu ya maranda akalaza wavu wa kufugia kuku, miguu isizame. Juu ya wavu akatandika zulia la kijani, lile la majani ya plastiki linalouzwa kwa mita, akalitoboa kwa msumari wa moto matundu mia moja arobaini na manne: kumi na mbili kwa kumi na mbili. Mkojo ungepita, maranda yangenyonya, harufu ingebaki chini. Kusema haki, kilikuwa choo kizuri. Kuna nyumba za wageni zina vibaya kuliko hicho.

Kisha akaandika andalio la somo, kama afanyavyo mwalimu yeyote aliyewahi kukaguliwa. Mada: Choo. Zana: beseni, dagaa wakavu. Lengo mahususi: ifikapo Jumamosi, mwanafunzi aweze kujisaidia juu ya zulia la kijani bila kusaidiwa. Akalibandika kwenye friji.

"Baba, umemwekea Pasaka andalio?" Nasikiwa aliuliza jioni.

"Wewe ulidhani nyinyi mlifaulu kwa maombi?"

Siku ya kwanza Pasaka alipanda beseni akalala usingizi. Siku ya pili alikula maranda. Siku ya tatu alikojoa pembeni, kama sentimita nne kutoka kwenye ukingo, na Mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu: Anajitahidi.

Siku ya tano alifaulu. Alipanda, akazunguka mara mbili, akajisaidia katikati ya zulia, akamtazama Mwalimu usoni kudai dagaa wake. Akapewa wawili.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Mwalimu Eliamini alikuwa na dharau kwa wanafunzi wanaokariri. Zulia lilikuwa limebaki kipande, akakitandika jikoni kumpima. Pasaka akafaulu. Akakihamishia ukumbini, akafaulu. Akakiweka chumbani kwa Nasikiwa, akafaulu, ingawa Nasikiwa alikuwa na maoni tofauti.

"Huoni?" Mwalimu alimwambia. "Hakukariri. Ameelewa."

Jumamosi ikafika. Vikao vya kamati vilifanyika uani siku zote, kwenye viti vya plastiki, lakini siku hiyo Injinia alihamishia kikao sebuleni kwake. Alisema jua ni kali. Ukweli ni kwamba sebule ilikuwa imekarabatiwa wiki ile na bado hakuna aliyeiona.

Wajumbe wanne walishafika walipoingia Mwalimu, Nasikiwa na Pasaka. Viatu vilipangwa mlangoni kwa adabu, na wajumbe walikaa na soksi zao. Bi Havijawa, katibu, ambaye dini yake haikumruhusu kuzoeana na mate ya mbwa, alichagua kiti cha mbali kabisa na kukusanya kanga yake mapajani.

Mwalimu alisimama kizingitini, kiatu kimoja mkononi.

Sebule nzima ilikuwa ya kijani. Majani ya plastiki, ukuta hadi ukuta.

"Injinia," alisema taratibu, "naomba tukae nje."

"Pita, Mwalimu, usiogope. Hili ni la kutoka nje ya nchi." Lilikuwa la duka lile lile.

"Tafadhali. Hata kwenye ngazi."

"Kwenye ngazi ndiko tunakotaka atoke. Mlete ndani, kamati imwone. Amejifunza, hajajifunza?"

Mwalimu hakuwahi kusema uongo darasani. "Amejifunza."

"Basi mwachie kamba."

Hakuhitaji kuiachia. Pasaka alikuwa ameshaliona zulia. Maisha yake yote ya shule alipewa kipande kidogo cha beseni, na leo amefunguliwa uwanja wa mpira. Akavuta kamba ikamponyoka mzee. Akatembea mpaka katikati, mbele ya miguu ya Injinia, akazunguka mara mbili, na kufanya mtihani wake wote, somo la kwanza na somo la pili.

Wajumbe wakainua soksi zao juu kwa pamoja kama waliopewa amri.

Kisha Pasaka akageuka, akamtazama Mwalimu, akasubiri.

Nasikiwa alifumba macho. Aliyekuwa na haki ya kukasirika alikasirika, na macho ya wengine yote yalikuwa kwa mzee: hapa ndipo mwenye mbwa humchapa mbwa ili watu waone hakubaliani naye.

Mwalimu Eliamini akaingiza mkono mfukoni. Akatoa dagaa. Akampa.

"Unampa zawadi?" sauti ya Injinia ilipasuka. "Mbwa mjinga namna hii, unampa zawadi?"

"Siyo mjinga, Injinia. Nilimfundisha zulia la kijani. Hili ni zulia la kijani. Amepata mia kwa mia." Akainamisha kichwa. "Aliyefeli ni mwalimu wake. Niruhusu nilifue."

Kule kwenye kiti cha mbali kanga ikaanza kutikisika. Bi Havijawa alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Mwenyekiti," alisema alipoweza, "barua yetu nimeiandika mimi. Ilisema akishindwa aondolewe. Mie sijaona aliyeshindwa hapa."

"Bi Havijawa!"

"Tupige kura basi, miguu yangu inachoka kukaa juu."

Kura zilikuwa nne kwa moja. Mwalimu akapewa wiki mbili za kurudia somo.

Jioni ile alilifua zulia uani mwenyewe, kwa brashi na sabuni, Nasikiwa akimwagia maji na Pasaka akiwa amefungwa mbali na mtihani mwingine. Kisha akalichana andalio, akachukua daftari jipya, akagonga milango yote ya nyumba ile mmoja baada ya mwingine, akiuliza swali moja.

"Samahani, ndani kwako sakafuni mmetandika nini?"

Watu walimjibu: mkeka, marumaru, zulia jekundu la mjomba. Alipomaliza aliona hakuna aliyetandika maranda, akaling'oa zulia na wavu kwenye beseni, akaacha maranda peke yake. Pasaka alielewa kwa siku mbili.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Injinia Lugome. Ulifunguka kidogo. Nyuma yake zulia lilikuwa limeviringishwa na kusimamishwa kwenye kona.

"Andika saruji," akasema, akafunga. Kisha akafungua tena. "Nawe unaweza kuniita Lugome tu."

Funzo: Anayejifunza hufuata ulichomfundisha, siyo ulichokuwa unakiwaza kichwani. Kwa hiyo kabla hujamwita mjinga, kasome tena andalio lako, na dagaa wake mpe.