Neno la Siri la Mama Mbelwa

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe unayetafuna muwa, malizia hicho kipande kwanza. Simu zenu zilazeni kifudifudi. Kimya kimeingia? Bado, huko nyuma kuna anayecheka. Haya, sasa kimeingia.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, simu zikiwa zimeshapanda mpaka milima ya Usambara, palikuwa na ofisi ya mafundi wa programu. Programu ni maagizo. Unaiandikia mashine, nayo inafanya ulichoandika, haijali ulichomaanisha. Mafundi wale kazi yao ilikuwa kuwatumia wafugaji ujumbe: "Leteni maziwa, lori linakuja."

Mkubwa wao alikuwa Mama Mbelwa. Kazi mpya haikufika kwenye simu za wafugaji mpaka yeye aandike neno lake la siri. Sasa Mama Mbelwa alikuwa anastaafu, na neno lile alitaka kumwachia mmoja wa mafundi wake.

Nakunda alilitaka sana. Alitoka Upareni, ameletwa awe fundi mkuu, ila ukuu wenyewe uliishia kwenye kibao cha mlangoni. Wenzake wawili, Shemdoe na Mwantumu, walimwamkia vizuri, wakampisha kiti, na kazi zao wakazificha. "Dada Nakunda, usijisumbue." "Fundi Mkuu, tutakuambia." Wakasema watamwambia, wasimwambie. Na fundi mkuu asiyeonyeshwa kazi ni mgeni anayelipwa mshahara, basi.

Siku moja lori likabadilishiwa saa. Litapita saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi na moja jioni. Shemdoe akaandika programu mpya mbio mbio. Sheria ya ofisi ilikuwa kazi ya mmoja isomwe na jicho la pili, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Shemdoe akaipeleka kwa Nakunda. Tena na kikombe cha chai ya tangawizi!

"Dada, nisomee. Ukiona kosa useme tu, mimi si mtoto."

Nakunda akasoma, akasoma, jicho likakwama. Shemdoe kaandika kumi na moja kama alivyoisikia kwa wafugaji. Mashine nayo haihesabu saa kama sisi. Yenyewe huanza kuhesabu usiku wa manane. Kumi na moja ya mashine ni saa tano yetu. Moyo ukamwambia, uliza. Moyo huohuo ukamwambia, leo ndiyo kwanza amekuja, ukimchoma hatarudi. Labda saa kazigeuza mahali pengine.

"Sawa," akasema. "Kazi safi."

Mama Mbelwa akasikia sawa, akaandika neno lake, akapanda gari kwenda harusini Korogwe.

Alfajiri lori likapita, barabara tupu. Saa tano asubuhi, jua la kukaanga, simu zikalia mlima mzima: "Leteni maziwa, lori linakuja!" Watu wakabeba ndoo, wakasimama barabarani, wakangoja, wakangoja, maziwa yakaganda. Wakayabeba hivyo hivyo mpaka ofisini.

"Mliniagiza maziwa," akapiga kelele Mama Shelutete, "nimewaletea mtindi! Nani anakunywa?"

"Jamani, mtandao umekorofisha," mzee mmoja akawatetea. Watu wakaanza kuitikia, ndiyo, mtandao, mtandao.

Mle ndani Shemdoe akasimama. Hakuna aliyemuuliza. "Si mtandao. Ni mimi. Saa nimeziandika vibaya."

Akaelekea mlangoni. Nakunda akamwambia, "Kaa," akatoka nje mwenyewe.

"Kosa ni la ofisi, na kazi hii niliipitisha mimi. Nilaumuni mimi."

"Aliyeandika nani?"

"Mnilaumu mimi, mama."

"Haya, Fundi Mkuu wa Mtindi, shika!" Ndoo ikainama, viatu vyake vikajaa mpaka kwenye vifundo. Watu wakacheka mpaka hasira zikapungua.

Lakini jioni ilikuwa inakuja. Saa zikibaki vile, ujumbe ungelia saa tano usiku, na maziwa ya jioni nayo yapotee. Simu ya Mama Mbelwa imezimwa, iko mkobani inasikiliza ngoma. Mwantumu akaketi, akarekebisha saa, na bila kumwonyesha mtu yeyote akaandika neno la siri.

Shemdoe akashika kichwa. "Umelijua wapi?"

"Mama huandika huku midomo inamcheza. Ni jina la ng'ombe wake."

Jioni simu zikalia kwa wakati, lori likaondoka limejaa.

Mama Mbelwa akarudi, hina bado mbichi mikononi. Akawaweka mbele yake, kila mmoja aseme kwa nini aachiwe neno.

Shemdoe akasema, "Mama, lawama ilikuwa imeshabebeshwa mtandao, na mtandao hauna mdomo. Mimi nikaishusha. Anayejitaja bila kuulizwa, utamwogopea nini?"

"Na aliyeiandikia mashine saa zetu za jogoo ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

Mwantumu akasema, "Neno lako nalijua tangu masika. Nimekaa nalo, sikuligusa. Nimeligusa siku ya maziwa tu."

"Na tangu masika hukuniambia nilibadilishe?"



Nakunda angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Akasema, "Mimi nilisimama mbele ya ndoo, sikumtaja mtu. Lakini lipo hamlijui. Ile kumi na moja niliiona. Nilinyamaza nisimuudhi Shemdoe."

"Uliiona?" Shemdoe akaruka. "Dada, si nilikuambia useme!"

"Uliniambia."

"Angenyamaza na hili," Mwantumu akasema taratibu, "nani angejua?"

Mama Mbelwa akawatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akaanza upya kuwatazama.

Akastaafu. Kiti chake chenye mto alikirithi Mwantumu. Shemdoe alirithi jina. Lushoto nzima inamwita Saa Tano, naye anaitika. Nakunda alirithi rundo la kazi za wenzake mezani, zisomwe, zikosolewe. Na neno la siri? Mama Mbelwa alilibadilisha kwanza, kisha akamnong'oneza mmoja wao sikioni. Semeni nyinyi mliokaa kimya: nani alistahili kunong'onezwa?