Kwa Nini Minde Haonekani

Hapo kale minde hakujua kumwogopa mtu. Swala huyo mweusi wa milima ya Upare alikula majani mchana kweupe kando ya mbuzi, na chura mdogo wa kijani aliimba chini, kwenye madimbwi ya njiani.

Watu wakaongezeka. Shoka likapanda mlima na majembe yakalifuata. Minde akakimbilia msituni, chura akapanda mitini, na wote wawili wakaadimika. Uliposalia msitu mmoja tu, wazee wakakata shauri: bonde la chini, walikoimba vyura, lilimwe, juu aachiwe minde. Mbonea, mkuu wa wawindaji, ndiye aliyepewa bonde. Alisema minde ana nyama, lakini chura wa ukubwa wa ukucha anamfaa nani?

Dada yake Namkunda, mfinyanzi, aliuliza kama kuna aliyewahi kuwatazama wanyama hao wanavyoishi. Akaomba siku tatu akawatazame.

Siku ya kwanza aliona nyayo tu. Ya pili aliambulia mvua. Alfajiri ya tatu, akiwa amejikunyata bondeni penye ukungu, alimwona minde akishuka kunywa. Kwato zake zilizama topeni, na kila alipoinua mguu, kishimo kilijaa maji. Juu yake mayai ya chura yalining'inia kwenye jani. Ute ukalegea, viluwiluwi wakadondoka mmoja mmoja ndani ya vishimo vile.

Namkunda akasahau baridi. Alijongea kidogo aone vizuri. Papo hapo vyura wote wakanyamaza. Minde akainua kichwa, akatoweka.

Aliporudi aliwasimulia wazee yote. Mbonea akamuuliza, "Sasa dada, tumwokoe yupi?"

"Nilikwenda kuwalinganisha, kaka," akasema Namkunda. "Nimekosa pa kuwatenganisha."

Kesho yake Mbonea alipanda mwenyewe hadi bondeni, akarudi jua likiwa utosini, matope hadi magotini. Akawaambia wazee kwamba bonde halitaki tena, na shoka lolote litakalopita pale litapita juu yake kwanza.

Na tangu siku hiyo, mtu akiingia msitu ule, vyura wakanyamaza ghafla, husimama. Hajui minde yuko upande gani. Anajua tu kwamba yeye ameshaonekana.